Taya la Mwalimu Batma

Pale kijijini Kara-Bulun, milimani, mtu akipasua mfupa wa kondoo kwa shoka wakati wa kugawa nyama ya sherehe, watu hawamsemi hapo hapo. Wanakula, wanashukuru, wanaomba dua, halafu wanakwenda kumsema majumbani mwao mpaka wajukuu zake nao waje wayasikie. Kondoo hukatwa kwa kisu, tena kwenye maungio tu, na kila mfupa utoke mzima. Kwa kazi hiyo hapakuwa na wa kumfikia Jumakan.

Jumakan alikuwa mgane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Ukimpa kondoo aliyekwisha kuchunwa, anakunja mikono ya shati na kuanza. Ncha ya kisu inatangulia, inapapasa, inapata pale gegedu mbili zinapokutana, na kiungo kinafunguka. Bega, alipenda kusema, halijashikwa na mfupa wowote, limefungwa kwa nyama tu, kwa hiyo kulitoa ni kama kumvua mgeni koti. Nyonga ndiyo yenye jeuri. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, kimezama kwenye kikombe chake, na ndani kabisa kuna kano fupi iliyojificha; usipoijua hiyo utavuta mpaka wageni waage. Goti nalo linataka subira, kwa kuwa lina ute mwingi na kisu huteleza. Haya yote alikuwa anayajua gizani na kwenye mwanga. Watu ndio hakuwajua vizuri.

Alimpenda Mwalimu Batma, na kijiji kizima kilijua, ingawa yeye alidhani ni siri yake. Batma alikuwa mjane aliyekuja kufundisha elimu ya viumbe, mwanamke mwenye sauti ya kusikika darasa la pili akiwa la nne. Mwaka uliopita alimwomba Jumakan mifupa ya kondoo mzima, ambayo haijaguswa na shoka, ili wanafunzi waone kwa macho yao jinsi mguu unavyokunjwa. Mtu mwingine angejaza gunia na kulipeleka asubuhi moja. Jumakan alipeleka mfupa mmoja mmoja. Aliuchemsha, akaukwangua, akauanika juani hadi ukawa mweupe, kisha akavaa kofia yake nzuri na kuufikisha shuleni. Safari moja alipeleka kile kifupa cha mbele ya goti, hicho peke yake, kimefungwa ndani ya leso safi.

"Jumakan-ake," Batma alimwambia siku hiyo, akimwita kwa heshima kama kaka, "huyu kondoo atafika lini darasani?"

"Yuko njiani, mwalimu. Anakwenda polepole. Magoti ndiyo kwanza anayapata."

Batma alicheka kwa kichwa kurudi nyuma na mdomo wazi, na Jumakan akarudi nyumbani akiwa na nguvu za kuchinja ng'ombe. Mwanamume mwenye akili angeposa wiki hiyo hiyo. Yeye alirudi kukwangua mbavu.

Kisha ikaja sherehe ya kumlaza mtoto mchanga kitandani mwake kwa mara ya kwanza, nyumbani kwa dada yake, Shaarkan, na ndipo alipoharibu.

Nyama ya sherehe haigawiwi hivi hivi. Kila mfupa una mwenyewe. Kichwa huenda kwa mzee kuliko wote, nyonga kwa wageni wakubwa, miundi kwa vijana, kidari kwa wasichana na mabibi harusi. Fungu la kitokono, pale mkia unapoanzia, pamoja na mafuta yote ya mkia, ni la bibi kizee, yule aliyezika rika lake lote na ambaye wakwe zake bado wanamwogopa. Ndilo fungu tamu kuliko yote, na bibi akilipokea hulipokea kama cheo.

Jumakan alikuwa na wazo moja tu kichwani: sahani ya Batma iwekewe kilicho kitamu. Alichagua kwa ulimi, si kwa akili. Akaliinua fungu la kitokono kwa mikono miwili, likimeta mafuta, akapita nalo mbele za watu na kulituliza mbele ya mwalimu.

Ukimya ulioingia humo ndani ungeweza kuukata vipande ukaugawa. Bibi Kalyypa, aliyekwisha kusogeza sahani yake tayari kupokea haki yake, alikuta amewekewa kidari cha wasichana. Alikitazama, akatutazama sote, akacheka na meno yake matatu.

"Haya," akasema, "nimerudi usichanani. Nani ataniposa?"

Wanaume walicheka hadi mmoja akamwaga bakuli la kumisi, yale maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Batma hakucheka. "Asante, Jumakan-ake," alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, na hakula kitu mpaka mwisho.

Kesho yake watoto walimsubiri langoni. Siku zote walikuwa wakimwita Batma-eje, yaani dada Batma. Sasa walipanga mstari, wakainamisha vichwa na kusema kwa pamoja, "Salamu, Batma-apa," jina wanalowaita bibi zao. Dukani walimletea kigoda akae. Muuguzi alimuuliza kama miguu inamsumbua wakati wa baridi. Kijiji kikipata mzaha mzuri hakiuachi mpaka kiutafune na uboho wake.

Jumakan alikwenda kuomba radhi, na kwa kuwa hakujua kwenda mikono mitupu, alibeba bapa la bega.

"Weka pale mezani," Batma alisema bila kuamka kitini. "Sisi wazee magoti hayanyooki."

"Mwalimu, mimi nilikupa kilicho kitamu."

"Ulinipa kilicho cha Apa Kalyypa. Apa Kalyypa ana miaka themanini na tatu. Mimi nina arobaini na moja. Hujui kuhesabu?"

"Sikukuhesabu, mwalimu. Nilikuwa nakutazama tu."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, na laiti angeishia hapo. Lakini akaongeza, "Na mafuta ya mkia yanafaa sana kwa viungo."

"Kondoo wako usimlete tena hapa," Batma akasema. "Hata akija mwenyewe kwa miguu yake."

Shaarkan alipopata habari alimfuata kaka yake hadi zizini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono na wa ulimi. "Kaka, we ni ng'ombe," alimwambia. "Tena ng'ombe ananielewa nikimwambia kitu. Umemtaka mwanamke mwaka mzima, siku ya kumwonyesha unamzeesha mbele ya ukoo wote?"

"Hasira zitaisha."

"Zitaishia mjini. Ameomba uhamisho, hujui? Shule zikifunguliwa hayupo. Kuna sherehe ya mtoto wa jirani wiki ijayo, hiyo ndiyo ya mwisho atakayohudhuria. Usiposema siku hiyo, utakuja kusema na mbuzi."

Jumakan alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kifua kilimuuma kweli kweli, na hakukuwa na kiungo hapo ambacho angeweza kukifungua. Alimwonea Batma huruma, na alijionea haya, na zaidi ya yote aliogopa asubuhi ya kupita mbele ya shule na kusikia sauti ya mwalimu mwingine.

Siku ya sherehe ilifika. Mtoto wa jirani alikuwa ameanza kusimama, kwa hiyo miguu yake ilifungwa uzi mweusi na mweupe, watoto wakubwa wakashindana mbio, na aliyeshinda akaukata uzi kwa mkasi ili mdogo apate kwenda duniani bila kujikwaa. Mtoto alipiga hatua, akaanguka, akashangiliwa kama ameteka mji. Jumakan aligawa nyama. Alikuwa amewaza sana juu ya sahani ya Batma. Akimpa kitokono atakuwa amerudia tusi. Akimpa kidari watasema anamdhihaki kwa upande wa pili. Mwishowe alimpa mbavu, ambazo hazimwambii mtu kitu. Batma alizitazama mbavu, hakumtazama aliyezileta.

Kisha Mzee Turdakun, aliyekuwa amewekewa kichwa cha kondoo mbele yake kwa heshima ya umri wake, akasimama kutoa baraka. Baraka za Turdakun zilijulikana. Alimwanzia mtoto kwa babu wa babu yake, akapanda naye milima yote, akahesabu farasi wa ukoo na rangi zao. Wageni walianza kupiga miayo ndani ya vikombe. Batma, ambaye hakuwahi kufanya jambo nusunusu, alipiga mwayo mkubwa nyuma ya kiganja chake. Kiganja kikashuka. Mdomo ukabaki wazi.

Turdakun alimwona. Katika maisha yake yote ya kuhutubu hakuwahi kumpata msikilizaji aliyeduwaa namna ile, tena msomi. Alitiwa moyo. Akarudi kwenye farasi.

Jumakan alikuwa amesimama karibu na masufuria, na macho yake yalikuwa pale yanapokuwa siku zote. Aliona kidevu cha Batma kimetokeza mbele kuliko kawaida. Aliona machozi. Aliona, mbele ya sikio lake, kishimo mahali ambapo hapakuwa na kishimo. Kiungo kilikuwa kimefunguka, na safari hii hakuna aliyetia kisu.

"Mwambieni mzee anyamaze," alisema, na kwa mtu wa maneno machache yale yalitosha kumnyamazisha hata mtoto. "Mwalimu ameteguka taya."

Walimtoa hadi uani, wakamkalisha kwenye kigoda karibu na ubao ambao wanawake walikuwa wakisukumia unga wa tambi. Hospitali ilikuwa wilayani, ng'ambo ya mlima. Muuguzi alikuwa likizo. Gari lilikuwapo, ila dereva wake alikuwa ameshamwombea mtoto kwa glasi kadhaa na sasa anaimba.

"Mrudishie wewe," Shaarkan alimwambia kaka yake.

"Mimi natenganisha tu. Sijawahi kurudisha kitu."

"Mlango unaufungua kila siku," alisema Bibi Kalyypa, aliyekwisha kujivuta hadi mbele kabisa asije akakosa kuona, "na kuufunga hujui?"

Jumakan alinawa mikono, akapiga magoti, akakishika kidevu cha mwalimu kwa woga mkubwa na kukisukuma nyuma, kama mtu anavyorudisha droo. Batma alitoa mlio na kumpiga kofi mkononi. Kisha akainama juu ya ubao wa unga na kuandika kwa kidole, kwa mwandiko ule ule safi wa ubaoni: *Si hivyo.*

"Vipi basi?"

Batma alinyoosha kidole kuelekea ndani, kwenye sahani ya Mzee Turdakun. Kikaletwa kichwa cha kondoo, na mzee nyuma yake, akilalamika kwamba tangu azaliwe hajapata kuona heshima ya mtu ikichukuliwa na kwenda kufundishiwa. Jumakan alilishika taya la kondoo na kulichezesha. Likaenda kulia na kushoto bila shida, kwa kuwa mahali linapokalia ni tambarare, na kondoo kazi yake ni kusaga majani. Batma akatikisa kidole: mimi si kondoo. Akachora kwenye unga kikombe, na mbele ya kikombe akachora kilima. Halafu akaandika, huku mate yakimdondoka na Shaarkan akimpangusa: *Taya limevuka kilima. Haliwezi kurudi kwa kusukumwa nyuma. Chini kwanza. Kisha nyuma.*

Jumakan aliufuata ule mchoro kwa kidole. "Kumbe," akasema. "Lishuke chini ya kilima, ndipo liingie kwake."

Batma aliandika tena: *Vidole gumba ndani, juu ya magego ya chini. Vifunge kitambaa. Nitauma.*

"Bila kukusudia?" akauliza Jumakan.

Batma hakuandika jibu.

Shaarkan alisimama nyuma ya kigoda na kukiegemeza kichwa cha mwalimu tumboni mwake. Jumakan alizungushia vidole gumba vitambaa, akaviingiza mdomoni mwa mwanamke aliyemkasirikia kuliko mtu yeyote duniani, na vidole vingine akavipitisha chini ya kidevu. Alikandamiza chini. Taya halikusogea. Misuli ya kutafunia ni midogo, lakini ina nguvu za kuvunjia mfupa, na ya Batma ilikuwa imekaza kwa maumivu, kwa woga, na nadhani kwa ukaidi pia. Aliihisi ikipigana naye. Jasho lilimtoka puani. Alijua kwamba akitumia nguvu zaidi ataumiza, na alijua kwamba akiacha, dereva mlevi atampitisha mwalimu mlimani.

"Mwalimu," alisema polepole, "legeza."

Macho ya Batma yalimjibu vibaya.

"Basi nikwambie habari. Yule kondoo wako amenikasirikia. Anasema mwaka mzima yuko njiani, mguu wa mbele hajapewa, na sasa eti shule imemfukuza. Anauliza mwanafunzi asiye na mguu alipe karo nusu au nzima."

Kitu kilimpanda Batma kifuani, kikafika kooni, na kwa kuwa hakikuwa na mdomo wa kutokea kikamtikisa mabega. Alikuwa anacheka. Misuli ikalegea chini ya vidole vya Jumakan, akakandamiza chini, akasikia kile kifundo kinateremka kilima, akasukuma nyuma, na taya likaingia mahali pake kwa mlio ambao hata Turdakun aliusikia. Hapo hapo meno yakafunga. Jumakan alitoa ukelele na kuvichomoa vidole.

Batma alijishika mashavu. Akafungua mdomo kidogo, akaufunga. Kila mtu alingoja neno lake la kwanza.

"Arobaini na moja," akasema.

"Ndiyo, mwalimu," akasema Jumakan, akijipuliza vidole. "Arobaini na moja. Wamesikia wote."

"Basi, usiongee tena," Shaarkan aliamuru, na kabla Batma hajabisha alikuwa amekwisha kumfunga skafu chini ya kidevu, fundo juu ya utosi. "Kiungo kilichotoka kinakumbuka njia. Usifungue mdomo mpaka kipoe. Mchuzi tu, wala usipige miayo."

Watu walipumua. Wanawake waliurudia unga wao, dereva akaanza wimbo mpya. Bibi Kalyypa peke yake hakuondoka. Alimchoma Jumakan mbavuni kwa ncha ya bakora.

"Wewe. Mwanamke amefungwa mdomo na yuko mbele yako. Marehemu mume wangu aliiomba nafasi kama hii miaka hamsini, hakuipata. Unangoja nini?"

Jumakan bado alikuwa amepiga magoti. Alimtazama Batma, na uoga wote wa zizini ukamrudia, pamoja na ile shule yenye sauti ya mwalimu mwingine. Alifikiri kwamba mji uko mbali, na kwamba asiposema sasa atakuwa mpumbavu hadi siku ya kuzikwa. Akayatoa yote kwa pumzi moja, asije akapata nafasi ya kuyaharibu.

"Mwalimu, usiende. Umenisamehe? Na utakubali tuoane?"

Batma alikaa wima na skafu yake.

Kila aliyewahi kutenga kichwa cha kondoo na shingo yake anajua kwamba pingili mbili za mwanzo hazifanani kazi. Ile ya juu, iliyobeba fuvu, hukiacha kichwa kiiname na kuinuka tu. Ile ya pili ina jino lililochomoza kwenda juu, na mwenzake huzunguka kwenye jino hilo, kulia na kushoto. Jumakan alikuwa amezifungua pingili hizo maisha yake yote bila kujali, na sasa alikodolea macho shingo ya mwanamke mmoja kuona ni ipi itakayoanza.

Ilianza ya pili. Kichwa cha Batma kilikwenda kulia, kikaja kushoto, taratibu, bila wasiwasi wowote.

Wanawake waliguna. Mzee Turdakun alisema "Eh" na kuanza kutafuta sahani yake. Jumakan aliinamisha kichwa, akaweka kiganja chini ili ajiinue. Ndipo aliposhikwa mkono wa shati. Batma alikuwa amemkamata kwa vidole vyenye unga, akangoja mpaka Jumakan akamtazama, kisha akakiinamisha kichwa chake chini, akakiinua, akakiinamisha tena.

"Sasa huyu anasema nini?" Bibi Kalyypa akauliza. "Mara hapana, mara ndiyo. Taya limemharibia akili?"

"Hapana, Apa," Jumakan alisema. "Niliuliza mawili, naye amejibu kwa mpango. Hajanisamehe. Ila tunaoana."